Jina la Pili la Kimeo

Nyumbani kwetu maji yalinywewa kwa kubana pua. Ulichota mtungini, ukashika kikombe kwa mkono wa kulia, na kwa vidole viwili vya kushoto ukabana pua mpaka umeze funda la mwisho. Babu alikunywa hivyo, baba akanywa hivyo, kaka yangu Ignas na mimi tukafuata. Mama alipoolewa pale akitokea Kishapu, aliwakuta wakwe zake wakibana, akadhani ni adabu ya nyumba ile, maana kuna nyumba hairuhusiwi kuongea wakati wa kula, na kuna nyumba hairuhusiwi kukalia kinu. Kwa kuwa alikuwa mkamwana mwenye heshima zake, naye akabana. Wageni walipotuona tumebana, na wao wakabana. Mtu angepita mchana wakati wa chakula angedhani kuna mzoga karibu.

Na tulisemea puani, sote isipokuwa mama. Watoto wenzetu walitucheka shuleni, nami niliwapiga, kwa sababu hasira nilizaliwa nayo.

Baba yangu aliitwa Masele, na kazi yake ilikuwa kukata vimeo. Tulikaa juu kidogo ya Tinde, kando ya njia ya malori ya pamba, na hapakuwa na mtu wa maeneo yale asiyemjua. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa ya koo, kidogo, chekundu. Watu wa kwetu waliamini kwamba kikirefuka ndicho kinachokwangua koo, kikaleta kikohozi, kikamfanya mtoto atapike na kukonda. Dawa yake ilikuwa kukiondoa. Baba alikuwa na kisu kidogo kilichopinda ncha, kilichofuliwa na mhunzi wa Kirongo, na kipande cha mwanzi, na kijiko cha kukandamiza ulimi, na unga mweusi wa dawa katika pembe ya swala. Alipewa kuku, mara nyingine mtama, mara nyingine ahsante tu.

Hakukata isipokuwa asubuhi. Alisema jua la saa moja ndilo taa yake, kwa sababu linaingia mlalo, linafika mpaka ndani. Kwa hiyo mgonjwa aliketishwa juu ya kigoda, uso kuelekea mashariki, akafungua mdomo. Siku za soko walikuja watu kumi, kumi na watano, wakangoja mstari mmoja mbele ya nyumba yetu. Ukinitaka nikumbuke utoto wangu, naona hicho kwanza: uwanja uliofagiliwa, umande haujakauka, na watu wamekaa kimya wakiwa wamelitazama jua, midomo wazi, kana kwamba wanalinywa. Vumbi la njia linaelea juu yao, rangi ya dhahabu. Sikuona damu. Nilikuwa mtoto wa mkata vimeo, damu niliizoea kama mtoto wa mfinyanzi anavyouzoea udongo.

Baba hakuwa na kumbukumbu ya nyuso. Alikumbuka makoo. Mtu alimwamkia sokoni, "Shikamoo, Baba Ignas," naye akaitikia marahaba huku macho yakitangatanga, mpaka mwishowe aibu ilimshinda akasema, "Samahani, hebu fungua mdomo." Yule mtu akafungua pale pale, katikati ya vitunguu na samaki wakavu, baba akainama, akachungulia, uso ukang'aa. "Ahaa! Mtoto wa Bernadina! Mama hajambo?" Aliniambia kila koo lina dari yake, na hakuna mbili zinazofanana. Usingizini pia aliingia humo. Asubuhi nyingi alituhadithia, anakuna kidevu, jinsi alivyotembea ndani ya nyumba ndefu yenye dari nyekundu, upepo unaingia na kutoka, unaingia na kutoka, na yeye anatafuta kitu asichokijua jina. Mama alimwambia apunguze kula viazi jioni.

Sasa, kuhusu jina. Kwa lugha yetu, Kisukuma, tulikuwa na letu, lakini barabarani, ambako Msumbwa alikutana na Mzinza na Mnyamwezi, jina lilikuwa kimeo. Babu alilileta. Zamani za Mjerumani alikuwa mpagazi, akatembea na mizigo miaka mingi, akarudi na vitu vitatu: kovu begani, Kiswahili, na ile kazi. Yeye ndiye aliyemfundisha baba maana yake. Ni kimeo kwa sababu kimemea. Mbegu humea, ukungu humea, magugu humea. Hakikupandwa, alisema babu, kimejiotea chenyewe mahali pasipokitaka, na kitu cha namna hiyo hukiachi, unakipalilia mpaka kwenye shina. Baba alikuwa mkulima wa pamba. Hoja ya namna ile iliingia moja kwa moja. Ndiyo maana alikata kwa kina, kama babu, hakuacha hata kishina. Wakataji wengine waligusa ncha tu, yeye akawadharau kwa uvivu. Na alikata akiwa na moyo mweupe kabisa, hilo nataka lijulikane.

Ignas na mimi tulikatwa tukiwa bado tunanyonya. Sikumbuki.

Kisha akazaliwa Sikujua. Mama alikuwa ameshahesabu kwamba amemaliza uzazi, akashangaa tumbo linakua, na mtoto alipotoka jina lilikuwa tayari. Alizaliwa masika, mawingu yametanda, jua la saa moja halionekani. Baba akasema tungoje. Masika ikapita, akasema kesho. Kesho akasema jua si zuri. Mtoto yule alimkalia baba moyoni, naye baba akawa anamwita "mama" na kumbeba mpaka shambani, na kesho ikawa miaka minne. Mimi sikupewa kesho hata moja. Nasema hivyo kwa sababu wakati ule ndivyo nilivyohisi, na wivu wa mtoto wa kike wa miaka kumi na mmoja si kitu kidogo.

Ilikuwa mwaka 1953. Naukumbuka kwa sababu Ignas alipewa shuleni kikombe cha bati chenye picha ya Malkia aliyetawazwa, na tangu siku hiyo hakuna mtu nyumbani aliyetaka kunywea kibuyu. Mwaka huohuo, baada ya kuuza pamba, Sikujua alianza kukohoa. Kikohozi cha kawaida, tukadhani, cha vumbi la Julai. Mama akasema, "Baba Ignas, huyu sasa ni wakati wake." Baba akaitikia. Lakini alikuwa ameshapatana na watu wa lori. Alikuwa anakwenda machimboni, upande wa Geita, ambako alisikia wachimbaji wanakohoa vumbi la mawe mchana kutwa na hakuna wa kuwakata. "Nikirudi," alisema, akimpangusa Sikujua kamasi kwa kidole gumba. "Nikirudi, siku ya kwanza, jua la kwanza."

Akaenda. Lori mpaka Kahama, kisha miguu na baiskeli za watu, kupitia Kharumwa. Yaliyompata huko alinisimulia mwenyewe, si mara moja, nikiwa mtu mzima, na kila mara kwa utaratibu uleule, akifumba macho.

Kambini alifikia kwa mpishi. Aliitwa Kamili, mtu wa Pangani, Mwislamu mwenye kofia nyeupe hata mbele ya masufuria, na alikuwa anakohoa moshi wa kuni. Baba akamwona ndiye wa kufungulia kazi. Akamketisha asubuhi mbele ya jua, akachungulia.

"Ndugu yangu, kimeo chako kirefu. Nikikikata utapona."

"Kimeo ndiyo kitu gani?"

"Hicho kinachoning'inia huko nyuma."

Kamili akafunga mdomo haraka. "Ala! Kidakatonge? Unikate kidakatonge changu, mimi mpishi?"

"Kida nini?"

"Kidakatonge! Mzee, umezeeka hujui kilicho kooni mwako? Kinadaka tonge. Ukitupia ugali, kinalidaka pale mlangoni, kinalionyesha njia ya kwenda tumboni. Kisingekuwapo, tonge lingepotea, maji yangetokea puani." Akacheka mpaka akakohoa tena. "Sisi pwani tunakula wali na samaki mwenye miiba, hatuwezi kukaa bila mlinzi."

"Kwetu kinamea," alisema baba.

"Kwetu kinadaka. Labda nyie Wasukuma mnafuga magugu kooni."

Baba alikuwa anajua utani, na alikuwa na jibu, lakini hakulitoa. Kwa sababu Kamili alikuwa amechota maji kwenye pipa, amerudisha kichwa nyuma, na anakunywa. Anakunywa kopo zima, mkono mmoja kiunoni. Pua yake imekaa usoni, wazi, haina mtu wa kuishika.

"Mbona hubani pua?" aliuliza baba.

"Nibane kwa nini? Jiko langu linanuka?"

Baba akasema hapana, halinuki. Akaomba radhi. Akafunga mfuko wake, akaenda kukaa chini ya kivuli cha bati mkabala na pipa la maji, akakaa hapo mpaka jioni.

Sehemu hii ndiyo aliyoisimulia taratibu kuliko zote. Alisema zamu ilipotoka, watu walipanda kutoka chini ya ardhi wakiwa weupe kwa vumbi, hawana makabila, hawana umri, wakaja kwenye pipa mmoja baada ya mwingine. Waumini wa Bukombe na Ushirombo wenye rozari shingoni, Wangoni, Wamanyema, watu wa Singida. Kila mmoja alichota, akainua kopo, akanywa, maji yakamchirizika kidevuni na kuacha mistari myeusi kwenye ule weupe. Baba akatazama pua zao. Maisha yake yote alikuwa ametazama midomo iliyofunguliwa kwa ajili yake. Kumtazama mtu akinywa, hakuwahi kuona haja. Jua lilikuwa linashuka, mabati yanalia kwa kupoa, na watu walizidi kuja, wakanywa na kuondoka, naye akahisi kama anaota ile ndoto yake, ila safari hii amesimama nje ya nyumba.

Wa mwisho mwisho alikuja kijana mrefu. Akachota kopo. Akabana pua.

Baba aliinuka akamfuata, akamsalimu kwa Kisukuma. "Mwadila, kijana. Hebu fungua mdomo."

Yule kijana alikuwa amechoka hata kuuliza kwa nini. Alifungua, akageukia kile kipande cha jua kilichobaki. Ndani hapakuwa na kitu kinachoning'inia. Palikuwa na kovu, limepinda kidogo upande wa kushoto, kwa sababu siku ile mtoto alijitikisa. Baba alilitambua mara moja. Alimkata mwenyewe, siku ya soko la Tinde, yapata miaka kumi na mitano nyuma.

"Marselino," alisema. "Wewe ulikuwa unakaa kwa shangazi yako."

"Baba Ignas!" Kijana akamshika mikono yote miwili. "Shikamoo! Wewe ndiye uliyeniponya kikohozi. Wabeja, wabeja sana."

"Na pua? Mbona unabana?"

"Aa, pua." Marselino akatabasamu. "Maji yananitokaga. Hiyo ndivyo nilivyo tu."

Baba aliniambia hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe. Ndivyo nilivyo. Alikuwa amejisemea tangu utotoni, na akatusemea sisi. Ignas alipotokwa na uji puani akiwa mdogo, baba alicheka kwa furaha, akasema mtoto amefanana na babu yake.

Nilimuuliza nesi mmoja baadaye, mwanamke mwenye vitabu, ni jina lipi la kweli. Akasema hakimei, mtu huzaliwa nacho, na hakidaki matonge pia. Kazi yake ni kupanda juu pamoja na dari laini ya koo na kuziba njia ya puani wakati wa kumeza. Basi majina yote mawili yana uongo. Lakini yule aliyesema kidakatonge, awe nani, miaka gani, alikuwa amekaa akala, akajisikiliza, akafikiri kwamba kitu kilichomo ndani yake lazima kina kazi. Aliyesema kimeo alikuwa ameona mgonjwa. Wa kwanza uongo wake una huruma, na huruma ile ilichelewa kufika kwetu miaka kumi na mmoja.

Baba alirudi katikati ya Agosti, hakukata mtu hata mmoja huko. Akamkuta Sikujua amebaki macho tu. Hakikuwa tena kikohozi cha vumbi. Kilimshika mfululizo, mara ishirini bila kuvuta pumzi, uso ukavimba, macho yakawa mekundu, kisha akavuta hewa kwa mlio mrefu na kutapika uji wote. Kijiji kizima kilikuwa na watoto wa namna ile. Mama alimpokea baba mfuko, akamwambia kigoda kiko tayari.

Asubuhi yake majirani walikuja, Bernadina mbele, kumshikilia mtoto. Jua likatoka. Sikujua aliketishwa mapajani mwa mama, uso mashariki. Mimi nilisimama mlangoni na, Mungu anisamehe, kulikuwa na sehemu yangu iliyosema: na wewe sasa.

Baba alipiga magoti. Kijiko mkono mmoja, kisu mkono wa pili. Kisha akaweka kijiko chini.

"Mwanangu," alisema, "sema aaa."

Hakuwa amepata kumwambia mtu aseme. Watu wake wote walikuwa wamekandamizwa ulimi, wanalia. Sikujua akamtazama, akasema "aaa," kwa kile kisauti kilichokwaruzika, na baba akaona. Kilipanda. Alisema kilijikunja, kikapanda juu polepole, kikakaa pale sauti ilipokuwa inapita, na sauti ilipokwisha kikashuka mahali pake. "Tena," alisema. Kikapanda tena. Jua lote lilikuwa limeingia humo, na baba aliyekata vimeo miaka ishirini na sita akawa anakiona kikifanya kazi kwa mara ya kwanza.

"Mkono unatetemeka?" aliuliza mama.

"Hautetemeki."

"Basi kata."

"Sikati, Mama Ignas." Akakirudisha kisu kwenye ala. "Kina jina lingine. Kuna watu wanakiita kidakatonge."

Mama alimtazama kama mtu aliyerudi na kichaa. "Jina litamponya mwanangu?"

"Sijui."

"Wa Bernadina ulimkata. Wangu wawili uliwakata. Huyu ana nini?"

"Huyu anacho," alisema baba.

Hakuna aliyemwelewa. Bernadina alifunga khanga yake akaondoka bila kuaga. Mama hakusema naye tena, alimwekea chakula na kugeuka. Kuanzia siku ile watu walipeleka watoto wao kwa mkataji mwingine, na njiani walipita mbele yetu kwa makusudi. Walisema Masele anaogopa damu ya mtoto wake, lakini ya wenzake aliimwaga. Na hofu yenyewe ilikuwa ya haki: Sikujua akifa, baba atakuwa amemuua kwa neno la mpishi.

Alimpakia kwenye baiskeli, akampeleka zahanati ya misheni. Wakamwambia ni kifaduro, kitakaa siku zake mia, apewe uji kidogo kidogo, ashikiliwe akiinama mbele kinapomjia. Baba akashika kazi hiyo. Mashina ya pamba hayakung'olewa. Alizunguka naye mgongoni kwenye njia za mashamba, jua likizama na likichomoza, akimwimbia puani nyimbo za kilimo, na kikimjia alikaa chini palepale, akamwinamisha juu ya mkono wake, akahesabu pumzi.

Mchana mmoja wa Septemba pumzi haikurudi. Tulikuwa uwanjani. Sikujua alikohoa mpaka sauti ikaisha, midomo ikawa ya bluu, mikono ikalegea. Mama alikimbia ndani akatoka na kile kisu, akakisukuma mkononi mwa baba. "Kata! Kata, nakuomba, kata!" Baba alikishika. Nilimwona ameshika kisu, na mtoto amemlalia mkononi, mdomo wazi. Nilipiga kelele, sijui nilisema kata au usikate. Kisha ule mlio mrefu ukaja, hewa ikaingia, Sikujua akalia. Baba alikitupa kisu mbali, kikaangukia majivuni, na mama akaketi chini na kulia pamoja nao.

Kigoda kilibaki uwanjani, hakuna wa kukikalia. Asubuhi moja nilimkuta baba amekikalia mwenyewe, ametazama jua, mdomo wazi.

"Salvina," aliniita. "Njoo uangalie. Unaona nini?"

Nikainama. "Sioni kitu, baba. Patupu."

"Patupu," alirudia. Akanitazama. Akaniweka mimi kwenye kigoda, akaniambia nifungue, akaangalia kwa muda mrefu, mpaka taya ikaniuma. Kisha akanifunga mdomo kwa kidole, taratibu, kutoka chini ya kidevu. Hakusema kitu. Siku nzima nilijiuliza nimekosa nini.

Mvua za kwanza zilipokuja, Novemba, kikohozi kilikwenda. Hakikuaga. Siku moja tuligundua Sikujua amekula akashiba na hajatapika, kesho yake vilevile. Mama akamwekea baba chakula na kuketi karibu naye. Alisema tu, "Mboga ina chumvi?" na baba akasema ipo ya kutosha, na yakaisha.

Jumamosi moja tulirudi nyumbani kutoka kupanda, sote watano, tope mpaka magotini. Mama alichota maji kwa kikombe cha Malkia, akampa Sikujua kwanza. Mtoto akakishika kwa mkono wa kulia, na kwa vidole viwili vya kushoto akabana pua, kama alivyotuona tukifanya tangu azaliwe.

Baba alichuchumaa mbele yake. "Achia pua, mama."

Sikujua akatikisa kichwa. Ilikuwa kama ameambiwa avue nguo.

"Achia. Kunywa hivyohivyo."

Akaachia. Akanywa, macho yamemtoka kwa woga, funda la kwanza, la pili, mpaka kikombe kikamwishia usoni. Tukangoja. Hakikutoka kitu. Pua yake ndogo ilikuwa kavu, na tone moja tu lilikuwa kidevuni, mahali linapostahili. Akacheka. Mama naye alichota, akamtazama baba, akanywa bila kubana, akashusha kikombe na kujishika koo kwa mshangao. Miaka kumi na sita alikuwa amebana pua bure.

Mimi nilidhani tumeruhusiwa wote. Nikanyang'anya kikombe, nikachota, nikanywa, mikono yote miwili ikiwa imeshikilia bati, kwa furaha, kwa pupa. Maji yakapanda yakanitoka puani, yakaniunguza mpaka machoni, yakalowesha gauni.

Baba alikuja kwangu. Akanipangusa pua kwa kiganja chake chenye tope, akakichukua kile kikombe, akachota kingine, akanipa. Kisha akainua mkono wangu wa kushoto, akaviweka vidole vyangu mwenyewe juu ya pua yangu.

"Wewe shika," alisema. "Wewe, mwanangu, shika."

Nilimwelewa hapo hapo, kila kitu, kigoda na patupu na ule ukimya. Nilimchukia. Nilimpenda pia, palepale, na sikujua niweke wapi vyote viwili. Nikanywa. Alinitazama mpaka nikamaliza, akachota cha kwake, akanywa kwa mikono miwili bila kubana, maji yakamtoka puani mbele ya mke na watoto wake, yakashuka kifuani. Hakuyapangusa.